Je, nihamishie fedha zangu zote kwenye akaunti ya asilimia 5?

Swali: "Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Texas. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na ninalipwa kila baada ya wiki mbili. Nimejiwekea dola 14,000 katika akaunti ya hundi ya benki kubwa, na riba niliyopata mwaka mzima uliopita haitoshi hata kununua kikombe cha chai. Mwenzangu kazini anasema credit union yake inamlipa asilimia 5 kwenye akaunti ya hundi, mradi atumie kadi mara 12 kwa mwezi. Nina wasiwasi. Asilimia 5 kwa fedha ambazo unaweza kuzitoa wakati wowote inanikumbusha DECI. Tena naambiwa lazima uwe mwanachama na ununue hisa, nami nilipojitoa kwenye SACCOS ya nyumbani nilisubiri akiba yangu kwa miezi. Na kila mwezi ninatuma fedha Moshi, kwa hiyo sitaki zikwame. Unanishauri nini? Nihamishe zote?"

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye jibu jepesi: usihamishe zote, hata kama akaunti hiyo ni nzuri kama mwenzako anavyoisifu. Ukizihamisha zote huenda ukapata riba ndogo kuliko ambayo ungeipata katika akaunti ya kawaida ya akiba isiyo na sharti lolote la kadi, na hesabu yake nitakuonyesha hapa chini. Kuhamisha sehemu yake ni jambo jingine, na kwa mtu mwenye mshahara unaoingia kwa utaratibu kama wewe linaweza kuwa na maana. Lakini wasiwasi wako unastahili kushughulikiwa kwanza, maana mtu hawezi kupanga hesabu vizuri kuhusu mahali ambapo hapaamini.

Umeitaja DECI, ule mchezo wa upatu wa nyumbani, na ninaelewa kwa nini. Waliopanda mbegu zao pale kabla Serikali haijaufunga mchezo ule mwaka 2009 walijifunza kwa uchungu kwamba faida kubwa isiyoelezeka hulipwa kwa fedha za wanaokuja nyuma. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu asilimia 5 ni hili: inatoka wapi? Kama chanzo chake hakielezeki, ondoka. Katika akaunti za aina hii chanzo kinaelezeka, na ukikielewa utaelewa pia kwa nini masharti yake yako jinsi yalivyo.

Kila unapolipa dukani kwa kadi ya debiti, mwenye duka hukatwa ada ndogo, na sehemu ya ada hiyo huenda kwa taasisi iliyokupa kadi. Benki zenye mali ya dola bilioni 10 au zaidi zimewekewa kikomo katika ada hiyo na kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2011: senti 21 kwa kila muamala, na asilimia 0.05 ya thamani yake, na senti moja zaidi kwa taasisi inayotimiza masharti ya kuzuia udanganyifu. Kwa ununuzi wa dola 40, hiyo ni senti 24. Taasisi ndogo zilizo chini ya dola bilioni 10, na vyama vingi vya akiba na mikopo (ndizo hizo credit union) vimo humo, hazibanwi na kikomo hicho, na mara nyingi hupata zaidi ya hapo. Ndiyo sababu utaziona akaunti hizi katika vyama na benki ndogo za mitaani, huku benki yako kubwa ikikulipa riba isiyofaa kitu. Nyingi huendeshwa kwa mpango uliotengenezwa na kampuni moja ya Austin, katika jimbo lako hilohilo, iitwayo Kasasa, nawe huenda ukaliona jina hilo kwenye tangazo.

Hata hivyo, ada ya kadi peke yake haitoshi kulipa asilimia 5, na hapa matangazo mengi hunyamaza. Hata tukikisia kwamba chama hupata senti 40 kila unapolipa kwa kadi, mara 12 kwa mwezi haifiki dola 5, ilhali riba ya asilimia 5 kwa dola 10,000 ni takriban dola 41 kwa mwezi. Pengo huzibwa kwa njia kadhaa kwa pamoja. Amana zako hukopeshwa wanachama wengine kwa ajili ya magari na nyumba, kwa riba iliyo juu zaidi. Kiwango cha juu hulipwa kwa salio hadi kikomo fulani tu. Taarifa za akaunti hutumwa kwa barua pepe, kwa hiyo hakuna karatasi wala stempu. Na kila mwezi wapo wanachama wanaosahau sharti moja, wakalipwa takriban sifuri. Isitoshe, wengi wa wenye akaunti hizi hawana dola 10,000 ndani yake. Aliye na dola 900 na anayetumia kadi mara 30 kwa mwezi ni mwanachama mwenye faida kubwa kwa chama. Wewe utakayejaza hadi ukingoni na kutumia kadi mara 12 tu ndiye unayewagharimu. Hilo si kosa wala si ujanja, ni haki yako chini ya masharti waliyoyaandika wenyewe, ila likumbuke siku watakapopunguza kiwango au kushusha kikomo. Riba ya akaunti hizi ni ya kubadilika, na sheria haiwalazimishi kukupa taarifa mapema wanapoibadilisha.

Kuhusu usalama wa mtaji wenyewe, vyama vya akiba na mikopo vya Marekani vilivyosajiliwa na serikali ya shirikisho, pamoja na vingi vilivyosajiliwa na majimbo, vinakatiwa bima na mfuko unaosimamiwa na mamlaka ya serikali ijulikanayo kwa kifupi kama NCUA. Bima hiyo, iliyoanza mwaka 1970, hulinda hadi dola 250,000 kwa kila mwanachama katika kila chama na kwa kila aina ya umiliki, nayo ina dhamana kamili ya serikali ya Marekani, sawasawa na ile ya FDIC, mamlaka ya serikali inayokatia bima amana za benki. Dola zako 14,000 zimo ndani kabisa ya ulinzi huo. Jambo moja la kuthibitisha: viko vyama vichache vya majimbo ambavyo bima yake ni ya kampuni binafsi, na bima hiyo haina dhamana ya serikali. Tafuta nembo ya NCUA mlangoni na kwenye tovuti ya chama, kisha uhakikishe jina la chama katika tovuti ya NCUA yenyewe, ambako kuna sehemu ya kutafutia vyama. Usiridhike na nembo peke yake, kwa kuwa matapeli nao wanajua kunakili picha.

Sasa niingie kwenye SACCOS, kwa sababu hapa ndipo uzoefu wa nyumbani unapotupotosha wengi. Chimbuko ni moja: wanachama ndio wamiliki, kila mmoja ana kura moja bila kujali ukubwa wa akiba yake, na faida hurudi kwao. Lakini katika SACCOS nyingi za kwetu akiba ya mwanachama ndiyo dhamana ya mikopo, yake mwenyewe na ya wale aliowadhamini, kwa hiyo haiondoki kirahisi. Anayejitoa hutoa taarifa, husubiri, na wakati mwingine husubiri hadi aliyemdhamini amalize deni lake. Katika chama cha Marekani hakuna kudhaminiana kwa namna hiyo. Hisa unayoambiwa ununue ni amana ndogo, mara nyingi kati ya dola 5 na 25, inayokaa katika akaunti yako ya akiba kama alama ya uanachama, na ukiondoka unarudishiwa. Fedha zilizomo katika akaunti ya hundi unazitoa, unazihamisha na kuzitumia siku yoyote, kama unavyofanya sasa.

Kwa kuwa chama ni cha wanachama, malipo unayopata hapo huandikwa kuwa ni gawio. Usidhani kwamba jina hilo linabadilisha chochote kwa mamlaka ya kodi. Januari utapokea fomu ya 1099-INT, ile ile ya riba ya benki, iwapo ulipata dola 10 au zaidi, na kiasi hicho ni mapato yanayotozwa kodi. Hata kikiwa chini ya dola 10 unapaswa kukitaja. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo utadaiwa ile ya shirikisho tu. Wako pia wasomaji Waislamu walioniuliza kama gawio la namna hii si riba. Kiutendaji ni malipo juu ya amana kwa kiwango kilichotangazwa, na mwenye swali la kidini ampelekee shehe wake maelezo hayo hasa, asimpelekee jina peke yake.

Tuje kwenye hesabu. Mwenzako hakukutajia kikomo, na mimi sijaona masharti ya chama chake, kwa hiyo nitatumia mfano unaofanana na akaunti nyingi za aina hii: asilimia 5 kwa dola 10,000 za kwanza, asilimia 0.25 kwa kinachozidi hapo, na asilimia 0.05 kwa salio lote katika mwezi ambao hukutimiza masharti. Kwa upande wa pili tuweke akaunti ya akiba ya mtandaoni inayolipa asilimia 4 bila sharti la kadi. Badilisha tarakimu hizi kwa zile utakazozikuta siku utakayofungua. Njia ya kukokotoa ni ile ile.

Ukiweka dola zote 14,000 katika akaunti ya asilimia 5 na usikose hata mwezi mmoja, utapata dola 500 kwa zile 10,000 za kwanza na dola 10 tu kwa zile 4,000 zilizobaki, jumla dola 510. Ukiziweka zote katika akaunti ya akiba ya asilimia 4 utapata dola 560 bila kutoa kadi mfukoni. Umeona jambo hilo? Asilimia 5 imeshindwa na asilimia 4, kwa sababu dola 4,000 zako zilikuwa zimelala. Lakini ukizigawa, 10,000 huku na 4,000 kule, utapata 500 na 160, yaani dola 660. Kwa hiyo faida halisi ya akaunti hii kwako, ikilinganishwa na njia isiyo na usumbufu, ni dola 100 kwa mwaka. Gawanya kwa mara 144 utakazolipa kwa kadi katika miezi 12, kila mara moja inakulipa takriban senti 69. Ni kibarua kidogo chenye ujira mdogo, na wewe ndiye utakayeamua kama unakitaka.

Kibarua hicho kina adhabu. Mwezi mmoja ukikosa, unapoteza karibu dola 41. Ukikosa miezi miwili unabaki mbele kidogo sana. Ukikosa mitatu, zile dola 10,000 zitakuwa zimekuingizia takriban dola 375, chini ya 400 ambazo akaunti ya akiba ingekupa huku umelala. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: wiki zile unapofanya zamu za usiku mfululizo, au mwezi ule unapokwenda nyumbani kwa likizo, nani atakumbuka kadi? Wengine hulipia bili ya simu na huduma nyingine za kila mwezi kwa kadi hiyo ili sehemu ya idadi ijitimize yenyewe, na hilo kwa kawaida linakubalika.

Kuna gharama nyingine iliyojificha. Ikiwa una kadi ya mkopo inayokurudishia asilimia 2 na unailipa yote kila mwezi, kila ununuzi unaouhamishia kwenye kadi ya debiti unakukosesha asilimia hiyo. Ukihamisha manunuzi 12 ya dola 60, kama petroli na mahitaji ya jikoni, unakosa zaidi ya dola 14 kwa mwezi, takriban 173 kwa mwaka, na ile faida ya dola 100 imekwisha na umebaki na hasara. Ukitumia kadi ya debiti kwa vitu vya dola 5 au 6, kama kahawa, mkate, maegesho au nauli, unakosa dola 17 hivi kwa mwaka, na hiyo inavumilika. Hata hivyo usivuke mpaka na kununua vitu 12 vya dola moja moja katika duka moja asubuhi moja. Vyama vingi vimeandika katika masharti kwamba kadi itumike kwa matumizi ya kawaida ya kila siku, vingine vimeweka kiasi cha chini kwa kila ununuzi, na mwanachama anayecheza mchezo huo anaweza kunyimwa riba au kufungiwa akaunti.

Sharti la "mara 12" lenyewe lina mitego, na wengi wanaolalamika kwamba wamedhulumiwa wamenaswa humo. Kinachohesabiwa ni muamala uliokwisha kuingia rasmi kwenye akaunti kabla mzunguko wa akaunti wa mwezi haujafungwa; ule uliolipia jana na bado unasubiri hauhesabiwi. Ununuzi huweza kuchukua siku moja hadi tatu kuingia, na wa kituo cha mafuta au mgahawa huweza kuchelewa zaidi. Mzunguko wenyewe huenda usifuate mwezi wa kalenda: vyama vingine huufunga siku moja au zaidi kabla ya mwisho wa mwezi. Kutoa fedha kwenye ATM hakuhesabiwi. Vyama vingine huhesabu tu malipo yaliyopitia mtandao wa kadi za mkopo, yale ambayo huingizi namba ya siri. Ushauri wangu ni kumaliza idadi hiyo kabla ya tarehe 20 na kuongeza tatu za akiba. Mbali na kadi, karibu kila chama kinadai ukubali taarifa za kielektroniki, na vingi vinadai mshahara uingie moja kwa moja au malipo mengine ya kielektroniki yapite walau mara moja kwa mzunguko. Kwa wewe unayelipwa kila wiki mbili hilo si tatizo, mradi uagize sehemu tu ya mshahara iende huko ikiwa idara ya mishahara kazini kwako inaruhusu kugawa.

Kuhusu fedha za Moshi, hazitakwama. Ila usitegemee kwamba kumtumia mama kupitia programu ya simu kwa kadi yako ya debiti kutahesabiwa miongoni mwa zile mara 12. Malipo ya namna hiyo huandikwa kuwa ni uhamishaji wa fedha, na vyama vingi huyatoa katika hesabu pamoja na kutumiana fedha na marafiki. Hata hivyo iko faida ya kutumia akaunti au kadi badala ya kupeleka noti kwa wakala: tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi ikiwa mtumaji amelipa kwa noti, hawala ya fedha (money order) au hundi ya benki (cashier's check). Anayelipa kutoka kwenye akaunti yake, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, haitozwi. Kumbuka pia kwamba riba hukokotolewa juu ya salio la kila siku. Ukituma kiasi kikubwa cha ujenzi na salio likashuka hadi dola 6,000, tofauti kati ya asilimia 5 na 4 inakuwa dola 60 kwa mwaka, na mara 144 za kadi zinabaki zilezile.

Kuhusu kadi yenyewe, ningependa usome kwa makini kuliko watu wengi wanavyofanya. Mwizi wa kadi ya mkopo anaiba fedha za benki. Mwizi wa kadi ya debiti anachota zako, na dola 10,000 zako zimekaa nyuma yake. Sheria inakulinda, lakini kwa saa inayokwenda. Kadi ikipotea au kuibiwa, ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ulipogundua, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa zaidi ya hapo inaweza kufika 500. Ukikaa zaidi ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya akaunti yenye miamala hiyo, unaweza kupoteza chote kilichochukuliwa baada ya hapo. Kampuni za kadi zina ahadi zao zilizo nzuri kuliko sheria, ila fedha zinaweza kuwa nje ya akaunti wakati uchunguzi unaendelea, na kodi ya nyumba haisubiri. Kwa hiyo weka tahadhari ya ujumbe kwa kila muamala, na usiitumie kadi hiyo katika pampu za mafuta ambako vifaa vya kunasia kadi hufichwa. Ukiulizwa kama unataka ovadrafti, yaani kuruhusiwa kutumia zaidi ya salio lako kwa ada, kwa manunuzi ya kadi na ATM, kataa. Sheria hairuhusu kukutoza ada hiyo bila idhini yako.

Kufungua si kazi kubwa. Utahitaji kustahiki uanachama, ambao hutegemea mahali unapoishi, unapofanya kazi, ndugu yako aliye mwanachama, au jumuiya uliyomo. Kule Houston vipo vyama vinavyopokea wakazi wa eneo zima. Utaombwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya utambulisho na kitambulisho chenye picha. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii asikate tamaa, kwani baadhi ya vyama hupokea namba ya mlipakodi iitwayo ITIN pamoja na pasipoti. Chama huenda kikaangalia rekodi zako katika ChexSystems, ambako huandikwa watu walioacha akaunti zikiwa na deni. Uliza pia kabla ya kutia saini kama wataangalia historia yako ya mikopo kwa namna inayoacha alama. Kufungua akaunti ya hundi mara nyingi hakuhitaji hilo, lakini vyama vingine hufanya, na kama unajiandaa kuomba mkopo wa nyumba ni bora ujue. Usifunge akaunti ya zamani kwa haraka: mshahara huweza kuchukua mzunguko mmoja au miwili ya malipo kuhamia.

Kabla ya haya yote, angalia kama una deni la kadi ya mkopo. Deni la asilimia 20 na zaidi linakula kila senti ambayo akaunti yoyote ya akiba itakulipa, na kulilipa kwa hizo dola 14,000, huku ukibakiza za dharura, ni uwekezaji bora kuliko huu tunaouzungumza. Vyama vya shirikisho vina kikomo cha asilimia 18 katika mikopo yao mingi, na kwa maoni yangu, kwa wahamiaji wengi thamani ya uanachama iko zaidi katika mkopo wa gari wa bei nafuu kuliko katika zile dola 100.

Yapo mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa maandishi. Ikiwa ombi lako litakataliwa kwa sababu ya ChexSystems, una haki ya kupata nakala ya rekodi bila malipo. Ichukue, kisha ukakae na ofisa wa chama ana kwa ana, kwani baadhi yao wana akaunti za kuanzia upya kwa watu kama hao. Ikiwa bado una akiba katika SACCOS au benki za Tanzania, na jumla ya akaunti zako zote za nje ilipita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, muone mtaalamu wa kodi anayewajua wahamiaji, maana huenda unapaswa kuwasilisha ripoti ya akaunti za nje iitwayo FBAR na faini ya kutoiwasilisha ni nzito. Na kama madeni yamekuzidi, nenda kwa mshauri wa madeni wa shirika lisilo la faida, usiende kwa kampuni inayodai ada kwanza.

Kwa akaunti yenyewe, fika tawini siku ya mapumziko badala ya kumtegemea mwenzako wa kazini. Omba hati ya masharti ya akaunti, ambayo sheria inawataka wakupe kabla hujafungua, na usome humo mambo manne: kikomo cha salio linalolipwa kiwango cha juu, kiwango cha mwezi ulioshindwa, siku ambayo mzunguko hufungwa, na miamala isiyohesabiwa. Ikiwa kikomo ni dola 15,000 au zaidi, hesabu niliyokufanyia hapa inageuka kwa faida yako, na hapo zote 14,000 zinaweza kukaa huko. Ikiwa ni dola 5,000, faida inashuka hadi dola 50 kwa mwaka, nami binafsi nisingejisumbua.